Namba Yenye Sifuri Kumi

Msikilizaji, kama una kalamu karibu, andika moja, kisha tisa, halafu fuatisha sifuri kumi. Kama huna kalamu, chora kwa kidole mezani. Hesabu sifuri vizuri, maana ukiruka moja tu utakuwa umesamehe dola bilioni 171. Soma sasa: bilioni mia moja na tisini. Hiyo ndiyo namba iliyotua Kahama mwezi Julai 2017, pale kampuni ya uchimbaji dhahabu ya Acacia ilipotangaza kwamba Mamlaka ya Mapato Tanzania imeipelekea madai ya kodi yanayofikia takribani dola za Marekani bilioni 190, kwa migodi yake ya Bulyanhulu na Buzwagi. Kwa shilingi za wakati ule ilikuwa trilioni 424 hivi, wakati bajeti nzima ya serikali ya mwaka 2017/18 ilikuwa trilioni 31.7. Gawanya mwenyewe. Ni bajeti 13 na chenji.

Mnakumbuka maneno ya vijiweni siku zile. Watu walitania kwamba kila Mtanzania atapewa gari aina ya Noah, na wengine walikwisha kuchagua rangi. Utani ule ulikuwa na hesabu ndani yake: trilioni 424 kwa watu milioni 54 hivi inakuja karibu shilingi milioni 7.8 kwa kila kichwa, mtoto mchanga naye yumo. Noah iliyotumika isingepatikana kwa fedha hiyo bila kuongeza kidogo, lakini kwa nyumba ya watu watano ni Noah mbili na zaidi. Kwa hiyo waliotania walikuwa wamegawanya. Nawasifu kwa hilo, maana wengi wetu tukisikia bilioni tunaacha kuhesabu na kuanza kushangaa.

Leo sitaki tushangae. Nataka tuishike namba hii kama anavyoshikwa mbuzi mnadani: tumtazame meno, tumpapase mgongo, ndipo tuzungumze bei.

Tuanze na vigawo vyake, vile tulivyofundishwa shule ya msingi. Bilioni 190 ni 19 ikizidishwa kwa kumi, mara kumi mfululizo. Kumi ni mbili mara tano. Basi namba nzima, kwa ukubwa wake wote, imejengwa kwa namba tasa tatu tu: mbili iliyorudiwa mara kumi, tano iliyorudiwa mara kumi, na 19 mmoja aliyesimama peke yake. Kutokana na hapo unaweza kujua ina vigawo vingapi bila kuviorodhesha. Mbili unaweza kuichukua mara sifuri hadi mara kumi, hizo ni njia 11. Tano vilevile njia 11. 19 unaichukua au unaiacha, njia mbili. Zidisha 11 kwa 11 kwa 2, unapata 242. Namba hii inagawanyika sawasawa kwa namba 242 tofauti. Lakini wabia watatu hawawezi kuigawana bila kubaki kitu, maana jumla ya tarakimu zake ni moja na tisa, yaani kumi, na kumi haigawanyiki kwa tatu. Wabia saba nao watakwama.

Na 190 yenyewe ina uzuri wake. Panga viroba vya mawe: safu ya chini 19, ya juu yake 18, halafu 17, endelea hivyo hadi kiroba kimoja kileleni. Jumla ni viroba 190 kamili. Wanahisabati huziita namba za namna hiyo namba za pembetatu. Hakuna anayedaiwa kodi kwa sababu ya pembetatu, najua, lakini kitu kizuri tukipite tukiwa tumekiona.

Turudi kwenye sifuri. Sifuri kumi mwishoni ni habari. Kitu kilichohesabiwa kimoja kimoja, au kilichopimwa kwenye mizani, hakiishii na sifuri kumi. Linganisha na namba nyingine ya kampuni ileile: mwaka 2016 Acacia iliripoti kuzalisha wakia 829,705 za dhahabu katika migodi yake mitatu, ukiongeza North Mara. Tazama mkia ule: mia saba na tano. Nimeichambua namba hiyo. Ni tano mara 165,941, na 165,941 ni namba tasa, haigawanyiki kwa chochote isipokuwa moja na yenyewe. Ina sura ya kitu kilichopitia kwenye mizani. Bilioni 190, kwa upande wake, ilitangazwa kama makadirio, dola bilioni 40 za kodi na dola bilioni 150 za riba na adhabu, kila moja ikiwa na neno "takribani" mbele yake. Kati ya tarakimu 12 tulizoziandika, mbili tu ndizo zinazosema kitu. Hizo sifuri kazi yake ni kushika nafasi.

Sasa namba hii ilitoka wapi? Hapo ndipo penye utamu.

Mwezi Machi 2017 Hayati Rais John Magufuli alizuia mchanga wa dhahabu, yaani makinikia, kusafirishwa nje. Wasikilizaji wa Geita mtakumbuka kwamba mgodi wenu mkubwa haukuguswa sana na zuio lile, kwa sababu Geita dhahabu huyeyushwa palepale ikatoka kama matofali. Ni Bulyanhulu na Buzwagi ambako mwamba una shaba ndani yake, kwa hiyo sehemu ya dhahabu ilitoka ikiwa imechanganyika na shaba na fedha, ikafungwa kwenye makontena na kupelekwa kwenye vinu vya kuyeyushia ng'ambo. Makontena 277 yakazuiwa Dar es Salaam. Kamati ya kwanza, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, ikachukua sampuli, na tarehe 24 Mei ikaeleza kwamba wastani wa dhahabu ni gramu 1,400 kwa kila tani ya makinikia. Kampuni ilikuwa inasema gramu 200.

Chukueni kalamu tena. Kontena moja lina tani 20. Makontena 277 mara tani 20 ni tani 5,540. Tani 5,540 mara gramu 1,400 ni gramu 7,756,000, yaani kilo 7,756. Kamati ilisema tani 7.8. Imekubali.

Kuna njia ya zamani ya kuhakiki kuzidisha bila kuzidisha upya, na mtu yeyote anaweza kuifanya akiwa amekaa kwenye daladala. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja. 5,540: tano na tano na nne ni 14, moja na nne ni tano. 1,400: moja na nne ni tano. Tano mara tano ni 25, mbili na tano ni saba. Sasa jibu: 7, 7, 5, 6, jumla 25, yaani saba. Saba kwa saba. Kama zisingelingana, kuna mahali umekosea. Njia hii hufanya kazi kwa sababu kumi ukiigawanya kwa tisa inabaki moja, mia inabaki moja, elfu inabaki moja. Kwa hiyo jumla ya tarakimu ndiyo mabaki ya namba nzima ikigawanywa kwa tisa. Haigundui kila kosa. Ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili, itakupita hivihivi.

Na kuna kosa jingine ambalo haiwezi kuligundua kamwe. Inahakiki kuzidisha. Haijui chochote kuhusu ile 1,400.

Gramu 1,400 kwa tani, kwa kontena la tani 20, ni kilo 28. Gramu 200 ni kilo 4. Saba mara nne ni 28. Ugomvi wote uliozitikisa hisa za Acacia kwenye soko la London, kamati mbili, mawakili, na Noah zetu, ulikaa ndani ya swali moja: je, katika kontena lile kuna kilo nne au kilo 28? Mengine yote yalikuwa kuzidisha, na kuzidisha hakuongezi ukweli. Ukianza na kweli unapata kweli kubwa. Ukianza na kosa, unapata kosa kubwa kwa usahihi uleule.

Jambo hili watu wa ukanda huu wa dhahabu hawahitaji kufundishwa na profesa. Nendeni mkamwone mtu anayenunua marudio, ule mchanga unaobaki baada ya mwamba kupita kwenye karasha na kuoshwa kwa zebaki. Marudio bado yana dhahabu, na wenye mitambo ya kuchenjulia hununua rundo zima. Bei inatokana na kuzidisha kulekule kwa Profesa Mruma: tani ngapi, mara gramu ngapi kwa tani. Tani si tatizo sana. Rundo linaonekana, unahesabu tripu za lori. Kazi ni gramu. Mnunuzi mwenye uzoefu hachukui mchanga wa juu tu, maana anajua juu huweza "kupakwa" dhahabu. Anachimba pembeni, anachimba katikati, anazama chini kabisa, anachanganya kila alichochota, anagawa robo, anachanganya tena, anafunga vifuko. Kimoja kinakwenda maabara, kimoja anabaki nacho, kimoja anampa muuzaji, ili wakija kubishana kuwe na cha kurejea. Kwa rundo la tani 300, tofauti ya gramu moja kwa tani ni gramu 300 za dhahabu. Kuna watu wamefilisika kwa gramu moja ya sampuli, na kuna waliojenga ghorofa Katoro kwa gramu hiyohiyo.

Kwa hiyo mtu wa marudio akisikia tani 7.8 hataanza na tani 7.8. Atauliza: sampuli ilichukuliwaje, na nani ana kifuko cha tatu?

Kamati ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, iliripoti tarehe 12 Juni 2017. Yenyewe ilitazama nyuma, tangu 1998 hadi Machi 2017, na kueleza kwamba makontena yaliyosafirishwa yalikuwa kati ya 44,277 na 61,320. Namba hizi mbili nimekaa nazo sana. Zitazameni vigawo vyake.

44,277 ni tatu mara 14,759, na 14,759 ni namba tasa. Ngumu, haina mlango. Ni sura ileile ya kitu kilichojumlishwa kutoka kwenye karatasi moja baada ya nyingine.

61,320 ni kiumbe mwingine kabisa. Inagawanyika kwa mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Igawanye kwa 365. Unapata 168 kamili, hakuna kilichobaki. Na 168 ni 24 mara saba. Yaani 61,320 ni 24 mara 7 mara 365: ndiyo idadi ya saa zilizomo katika miaka saba. Namba ya makontena, lakini ina siku za mwaka tumboni mwake.

Ishara si ushahidi, msikilizaji. Ukiokota namba yoyote barabarani, nafasi ya kugawanyika kwa 365 ni moja katika 365. Si jambo la kila siku, ila si muujiza. Na mtu anayetafuta ruwaza ndani ya namba hawezi kuzikosa, waulizeni wanaobeti. Ninachosema ni hiki tu: namba ya kwanza ina sura ya kuhesabiwa, ya pili ina sura ya kukokotolewa, kwa mfano kiasi fulani kwa siku kikizidishwa kwa siku. Zote mbili ni halali, mradi msomaji aambiwe ipi ni ipi. Mkaguzi mzuri angeanzia hapo.

Sasa tuzidishe kama walivyozidisha wakubwa. Kama kila kontena kati ya yale 61,320 lingekuwa na kilo 28, jumla ingekuwa tani 1,717 za dhahabu kwa miaka 19 hivi, tani 90 kila mwaka, ndani ya mchanga peke yake. Ukichukua ile idadi ndogo ya makontena, bado ni tani 1,240, kama tani 65 kwa mwaka. Wakati huohuo zile wakia 829,705 za migodi mitatu mwaka 2016 ni tani 25.8. Acacia ilijibu kwamba kwa hesabu ya kamati, Bulyanhulu na Buzwagi ingekuwa migodi miwili ya dhahabu mikubwa kuliko yote duniani. Jibu hilo lilikuwa na nguvu ya hesabu. Serikali, yenye dhamana ya rasilimali, nayo ilikuwa na haki ya kuuliza namba za kampuni zilipimwaje, badala ya kuzipokea kama sadaka. Mimi naona pande zote mbili zilitupa namba bila kutupa kifuko cha tatu.

Kuhusu bilioni 40 kugeuka bilioni 190, hapo hakuna siri kubwa. Ni kuongezeka mara nne na robo tatu. Deni likilala miaka 17 kwa riba juu ya riba ya asilimia 9.6 kwa mwaka linafika hapohapo, bila hata adhabu. Waliokopa vikoba wanaelewa. Deni lenyewe lilihusu Bulyanhulu tangu 2000 na Buzwagi tangu 2007, kwa hiyo halikuanza kulala siku moja, na adhabu za kodi zina kanuni zake. Lakini msitishwe na zile 150. Zilizaliwa na 40. Na hizo 40, Acacia ilisema, zinaonekana kujengwa juu ya matokeo ya kamati mbili, ambazo nazo zilisimama juu ya kilo 28. Angalieni jambo hili: madai yalikuwa juu ya dhahabu inayodaiwa kutotajwa, yaani 28 kutoa nne, kilo 24 kwa kontena. Kama ukweli ungekuwa nne, madai juu ya mchanga yasingepungua mara saba, yangekuwa sifuri. Ndivyo namba kubwa inavyoweza kuning'inia kwenye uzi.

Ili kuupata ukubwa wake, bei ya dhahabu wakati ule ilikuwa kama dola 1,260 kwa wakia. Bilioni 190 ingenunua wakia milioni 150 na zaidi kidogo. Ghala la Fort Knox kule Marekani, lile la kwenye sinema, lina wakia milioni 147.3. Tuliidai kampuni moja dhahabu nyingi kuliko iliyomo Fort Knox. Na kwa uzalishaji wake wa 2016, Acacia ingelazimika kuchimba miaka 181 na kutupatia kila punje, bila kulipa mshahara wala dizeli.

Mwisho wa shauri mnaujua. Barrick, mwenye hisa nyingi za Acacia, ilinunua hisa zilizobaki Septemba 2019, ikafikia makubaliano na serikali. Ikaundwa kampuni ya ubia, Twiga Minerals, serikali ikapata asilimia 16 ya hisa za migodi, faida za kiuchumi zikakubaliwa kugawanywa nusu kwa nusu, na madai yakamalizwa kwa dola milioni 300. Mikataba ikasainiwa Januari 2020.

Milioni 300 kwa bilioni 190 ni sehemu moja ya 633. Kama ungehesabu dola moja kila sekunde, usiku na mchana, bilioni 190 ingekuchukua miaka 6,020. Ungekuwa umeanza kabla Misri haijajenga piramidi. Milioni 300 ingekuchukua miaka tisa na nusu. Wapo wanaosema tulipunjwa mara 633. Wapo wanaosema tulipata milioni 300 na hisa kutoka kwenye namba ambayo haikuwahi kuwapo. Hoja zote mbili zinategemea kilo ngapi unaamini zilikuwa kwenye kontena, na mimi ninaegemea ya pili, kwa sababu ya zile tani 90 kwa mwaka.

Tofauti na bilioni 190, milioni 300 inagawanyika kwa tatu. Theluthi ya kwanza, milioni 100, ililipwa Mei 2020. Iliyobaki ilipangwa kulipwa milioni 40 kila mwaka kwa miaka mitano. Jumlisheni muone: mia moja, na tano mara arobaini. Kisha hakikini kwa tarakimu: moja, na tano mara nne ambayo ni 20, yaani mbili. Moja na mbili ni tatu. Imekubali.